Benchi la bustani kwa paleti mbili: pima watu kwanza, mbao baadaye

Paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, ilitengenezwa ibebe saruji. Saruji haina magoti, haina kiuno, haivai sketi, wala hailalamiki ikikalishwa nusu saa. Ndiyo maana mabenchi mengi ya paleti ninayoyaona hapa Mbeya, kwenye bustani za vinywaji na nje ya saluni, yanapendeza pichani lakini hayakaliki. Mtu anakaa ukingoni, soda ikifika nusu anasimama. Mbao hazina kosa. Aliyetengeneza alipandisha paleti juu ya paleti kama zilivyotoka ghalani, akatupia mto, akaita kiti.

Mimi ni fundi cherehani, Isanga, chini ya mlima Loleza. Wateja wangu wanasubiria nje, na viti vya plastiki vikishakaa juani vinavunjika miguu, kwa hiyo nikaanza kutengeneza mabenchi, kwanza yangu, kisha ya majirani. Nilichotoka nacho kwenye cherehani ni kimoja tu: sikati kitu kabla sijapima mwili. Benchi ninaloeleza hapa ni la watu wawili, watatu wakipendana. Lina mgongo na mikono, na linatoka kwenye paleti mbili, mbao mbili za inchi mbili kwa nne za futi 12, na matofali matatu ya block ya inchi 5.

Paleti ya kuchukua na ya kuacha

Sisi tuko kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, kwa hiyo mizigo haikosekani, na paleti hazikosekani. Ulizia kwa wauza vigae, vioo, betri, majenereta na mashine za kusaga. Ukizunguka Mwanjelwa na Kabwe asubuhi, maduka yakiwa yanapokea mzigo, utaziona zimeegemezwa ukutani zikisubiri kuwa kuni za mama lishe. Ongea na mwenye duka, usiongee na mlinzi. Paleti nyingine zina wenyewe hata kama zimelala nje: za kampuni za soda na bia, na zile zilizopakwa rangi ya bluu mwili mzima, ambazo hukodishwa na kurudishwa. Ukiuziwa moja ya hizo jioni jioni kwa bei ya kutupa, kesho wewe ndiye utakayeulizwa.

Ukishaipata, itafute muhuri kabla hujaipenda. Paleti iliyovuka mpaka kihalali imegongwa au kuchomwa alama pembeni, kwenye kigogo cha ubavuni: suke la ngano na herufi IPPC, za mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, kisha herufi mbili za nchi ilikotengenezwa, namba ya mtengenezaji, na mwisho herufi za dawa iliyotumika. Hizo za mwisho ndizo zako. HT maana yake mbao ilichomwa kwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, ili wadudu wafe. Hakuna sumu hapo, chukua. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ambayo pia inaharibu tabaka la ozoni. Ya MB iache, hata kama mbao yake inang'aa. Sitaki kuipiga msasa na kuvuta vumbi lake, wala mtoto wa mteja ailambe.

Paleti za hapa hapa nchini, za paini ya Mafinga au mkaratusi, mara nyingi hazina muhuri kwa sababu hazikuvuka mpaka. Hizo nazihukumu kwa pua na macho. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya mahindi na viazi, na maghala yetu yamejaa pembejeo. Paleti iliyokalia viuatilifu inanuka, na harufu hiyo haiondoki kwa kuoshwa. Iliyokalia mbolea ina ukoko mweupe kwenye nyufa na misumari yake imeliwa na kutu. Chumvi ya mbolea inavuta unyevu hewani, kwa hiyo mbao inabaki na ubaridi hata Septemba, na rangi utakayopaka itabanduka. Madoa meusi ya oili nayo yasikudanganye kwamba yatafunikwa na rangi. Hayafunikwi.

Kingine cha kuangalia ni vigogo, yale mapande manene yanayotenganisha sakafu ya juu na ya chini. Viwe vya mbao halisi. Baadhi ya paleti zina vigogo vya chenga za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Ghalani havina tatizo, lakini mvua za Januari zikivinyeshea vinavimba, vinapasuka, na misumari inalegea.

Ukubwa ninaoutafuta ni sentimita 120 kwa 80, kimo sentimita 14 na kitu, ile yenye alama ya EUR au EPAL, yaani ya kipimo cha Ulaya. Ina mbao tano za kulalia juu, tatu za kukingama chini yake, vigogo tisa kwa safu tatu, na mbao tatu chini kabisa. Ukipata za sentimita 120 kwa 100 pia zinafaa, utahamisha tu mahali pa kukata. Zile zisizo na vigogo, zenye mbao ndefu tatu zilizosimama kwa ubavu, mimi nazivunja na kutumia mbao zake kwa kazi nyingine.

Paleti moja inaweza kufika kilo 25. Tafuta guta au kirikuu. Nimeona watu wanazipakia kwenye bodaboda, na sina la kuwaambia.

Futi kamba

Sasa weka paleti pembeni, mwite anayekalia benchi hilo mara nyingi. Akae kwenye stuli ngumu, viatu miguuni, magoti yamekunjika sawasawa. Pima vitu viwili. Cha kwanza, kutoka sakafuni hadi chini ya paja, pale nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kiti. Kwa watu wazima wengi ninaowapima kinaangukia kati ya sentimita 40 na 45. Cha pili, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Hapo punguza vidole vinne, ubaki na kina cha kiti, ambacho huwa karibu na sentimita 45. Ukiacha kina kirefu kuliko hapo, ukingo wa mbao unabana nyuma ya goti na miguu inakufa ganzi, au mtu anajisogeza mbele na kuacha mgongo bila pa kuegemea. Hapo ndipo benchi la kawaida la paleti linapoanguka: kina chake ni sentimita 80. Hicho ni kitanda cha mtoto.

Kama benchi ni la watu wengi wasiofahamika, kama langu, mfikirie mfupi kwenye kina na mzee kwenye kimo. Mfupi hawezi kurefusha mapaja, lakini mrefu anaweza kunyoosha miguu. Mzee anahitaji kiti kisicho chini sana, la sivyo kumwinua ni kazi ya watu wawili.

Sentimita 80 inakuwaje 47? Paleti ya aina niliyoitaja imejipanga kama iliyojua. Igeuze ubavu uangalie: safu ya kwanza ya vigogo iko mbele, ya pili katikati, ya tatu nyuma. Ukipitisha msumeno mara tu baada ya safu ya katikati, ukiugusisha ubavu wa vigogo, unabaki na kipande chenye kina cha sentimita 47 hivi, chenye safu mbili kamili za vigogo na mbao tatu za kukalia. Msumeno wenyewe unapita kwenye mwanya kati ya mbao za juu, kwa hiyo unakata zile tatu za kukingama tu, basi. Piga mstari kwa chaki na skwea, kata taratibu, mtu mwingine akishikilia upande unaoning'inia ili usipasuke mwishoni.

Fanya hivyo kwa paleti zote mbili. Una vipande viwili vikubwa vya kukalia, na viwili vyembamba vya sentimita 32. Kimoja kati ya hivyo vyembamba ndicho mgongo. Kitolee safu yake ya vigogo na ubao wa chini, ubaki na mbao mbili ndefu zilizoshikwa na vipande vitatu vya kukingama. Misumari ya paleti imesokotwa na mara nyingi ncha yake imekunjwa upande wa pili, kwa hiyo ukiing'oa kwa makucha ya nyundo utapasua mbao kabla haijatoka. Ingiza ncha ya mtaimbo ufungue mwanya mdogo, kisha chomeka msumeno wa chuma ukate msumari katikati. Vichwa vinavyobaki ndani viache, vididimize tu kwa nyundo na msumari mwingine mnene.

Usifikirie kupeleka mbao hizi kwenye mashine ya kuranda. Niliwahi kuuliza kwa fundi mmoja nikajibiwa, "Dada, kisu changu hakili chuma," na alikuwa na haki. Msumari mmoja uliojificha unatosha kuharibu kisu chake siku nzima.

Kazi ya hapa ni msasa wa mkono. Anza na namba 60 au 80, maliza na 120, ukifuata nyuzi za mbao. Juu ya kiti na mbele ya mgongo fanya kwa bidii, upitishe na kitambaa cha nailoni, kipande cha zile soksi ndefu za kike. Kikinasa popote, pana kibanzi. Kwangu hiki ndicho kipimo cha mwisho, maana kibanzi kikichana gauni la mteja nje ya duka la fundi, mtengenezaji ni mimi. Ukingo wa mbele wa kiti uzungushe kwa randa mpaka ule ukali upotee kabisa, hapo ndipo mapaja yanapolala. Funga pua na mdomo unapopiga msasa, hata kama mbao ni ya HT. Vumbi lina miaka ya maghala ndani yake.

Kusimamisha

Mbao mbili za mbili kwa nne zikatwe hivi. Ya kwanza: nguzo mbili za nyuma za sentimita 85, na ubao mmoja wa kulaza wa sentimita 130. Ya pili: ubao mwingine wa 130, nguzo mbili za mbele za 52, na mikono miwili ya 60. Ukikata kwa mpango huo futi 12 zinatosha, zinabaki chenga. Nunua iliyonyooka na iliyokauka. Paini mbichi ya Mafinga ni nzito kwa maji, na ikija kukaukia kwenye benchi lako inajipinda na kulivuta. Kama duka lina iliyowekewa dawa ya wadudu, ongeza hela kidogo uchukue hiyo.

Weka kipande kimoja cha kukalia juu ya kingine, kingo zote zikilingana, safu ya vigogo vya katikati ikiwa sasa ndiyo nyuma. Kimo kimefika sentimita 29. Tofali la block la inchi 5 likilazwa chini linaongeza sentimita 12 na nusu, unapata 41 na ushei. Ukitaka kuweka mto wa sponji ya inchi 3, hesabu kwamba ukikaliwa unabaki na sentimita 4 hivi, kwa hiyo utakuwa kwenye 45. Kwa watu wafupi tumia matofali ya kuchoma yaliyo membamba.

Nguzo zinakaa nje, kwenye ncha mbili za benchi, upana wake ukigusa vigogo. Zile za mbele zisimame wima, kila moja na bolti moja kwenye kigogo cha chini na moja kwenye cha juu. Bolti hizo ndizo zinazofunga vile vipande viwili visiachane. Tumia bolti za unene wa milimita 10, za inchi 9 au 10, zenye washa pana pande zote mbili, maana zinapita kwenye nguzo na kigogo kizima na nati inakaa ndani ya uwazi. Biti yako ya drili ikiwa fupi, toboa kutoka pande zote mbili matundu yakutane. Ukigonga msumari, sogea sentimita moja.

Nguzo za nyuma ndizo nilizozipenda tangu mwanzo, kwa sababu zinajaribiwa mwilini kama gauni lililoshikizwa pini. Funga bolti ya chini tu, kwenye kigogo cha chini, bila kukaza. Nguzo sasa inacheza kwenda mbele na nyuma. Zilaze zote mbili nyuma kidogo, uzishike kwa jiliwa, kile kibanio cha fundi, shikiza zile mbao mbili za 130 nyuma ya nguzo kwa muda, kisha uegemeze kile kipande cha mgongo mbele yake, katikati ya nguzo. Kama kinabana, punguza nusu sentimita kila ncha. Mwite mtu akae.

Nilimwita babu wa jirani. "Shikamoo babu, kaa tujaribu." Akakaa, akaegemea, akasema marahaba, sogeza nyuma, hapana rudi, hapo. Nikapima: kwenye kimo cha sentimita 50 kutoka kwenye kiti, nguzo ilikuwa imerudi nyuma sentimita 11 hivi. Wengi wanasimama kati ya 9 na 13. Mgongo wa wima kabisa, ule wa mabenchi mengi, unamfanya mtu akae kama anasubiri kuitwa ofisini. Ukilala kupita 15, mwenye tumbo la mimba na mwenye goti bovu hawatanyanyuka.

Sehemu ikishapatikana, toboa tundu la pili kwenye kigogo cha juu, funga bolti, kaza zote. Hakikisha nguzo mbili zimelala sawasawa. Simama mbali uangalie kutoka ubavuni, moja ifiche nyingine. Mbao mbili za kulaza sasa zifungwe kabisa kwa skrubu nyuma ya nguzo, moja sentimita 22 juu ya kiti na nyingine 42. Kipande cha mgongo kikazwe juu yake kutoka mbele, skrubu mbili kwa kila ubao wa kukingama unapokutana na ubao wa kulaza. Chini ya mgongo acha uwazi wa sentimita 18. Makalio yanahitaji pa kuingia, na maji na majani yanahitaji pa kutokea.

"Kiti chako kizuri," babu alisema, "ila kuinuka ndiyo kazi." Hapo ndipo mikono inapoingia. Zile mbao za 60 zisimamishe kwa ubavu, zipigwe bolti upande wa nje wa nguzo ya mbele na ya nyuma, juu yake iwe sentimita 22 hivi kutoka kwenye kiti. Ncha za mbele zizungushe kwa randa na msasa. Mzee anashika, anasukuma, anasimama.

Kuhusu skrubu: usinunue zile nyeusi za dari la jipsamu, hata kama muuzaji anakwambia ndizo zinazotoka sana. Nje zinapata kutu msimu mmoja, na zinakatika kichwa ukikaza kwa nguvu. Chukua zilizopakwa zinki. Na kila karibu na ncha ya mbao toboa tundu dogo kwanza, paini kavu ya paleti inapasuka kwa kuangaliwa tu.

Rangi, na jua letu

Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi inatufanya tusahau jua, lakini jua la huku ni kali na linakula vanishi. Vanishi ya ndani ikipakwa benchi la nje inapendeza Agosti, ikifika Februari imepasuka na maji yameingia chini yake, na kuiondoa ni kazi kubwa kuliko kuipaka. Mimi natumia rangi ya mafuta ya nje, naipaka mara mbili juu ya praima. Anayependa kuona nyuzi za mbao atumie mafuta ya kitani, ayapake membamba na kurudia kila mwaka. Matambara ya mafuta hayo ayatandaze yakauke nje, asiyakunje kwenye kona, kwa sababu yanajipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka.

Popote penye ncha ya mbao iliyokatwa, paka mara tatu. Maji yanaingia kwa kichwa cha mbao kuliko kwa ubavu, na paleti uliyoikata ina vichwa vingi vipya. Oili chafu ya gari, ambayo kila fundi atakushauri kwa ajili ya mchwa, iishie chini ya ubao wa chini kabisa kama lazima uitumie. Isifike pa kukalia. Inachafua nguo miezi na miezi, na ina madini mabaya kwa ngozi.

Msimu wa kufanya haya yote ni Juni hadi Oktoba. Paleti zikae kwanza chini ya paa, zimetenganishwa hewa ipite, mpaka zikauke. Juni na Julai usianze kupaka asubuhi. Umande na ukungu wa Loleza ukilala juu ya rangi mbichi unaifanya ipauke. Subiri saa nne, na saa tisa uwe umemaliza.

Mito ishonwe kwa turubai la lori. Mafundi wanaotengeneza maturubai ya malori ya Tunduma huwa na mabaki, na hakuna kitambaa cha dukani kinachostahimili kama hicho. Weka zipu chini, siyo pembeni, na vitundu viwili vya kutolea maji kwenye pembe za nyuma. Kitenge ni foronya ya juu, ya siku za wageni. Jioni mito iingie ndani.

Pa kuliweka

Watu wa Dar wanatafuta kivuli. Sisi tunatafuta jua, angalau nusu ya mwaka. Mwezi Juni jua letu la mchana linakaa upande wa kaskazini, kwa hiyo benchi linaloangalia kaskazini linapata joto magotini wakati baridi imekaza, na hapa mjini upande huo huo ndiko uliko mlima. Usiliweke chini ya mparachichi. Kivuli chake kizuri, lakini parachichi lililoiva halibishi hodi.

Matofali matatu yalazwe kutoka mbele kwenda nyuma, moja kila ncha na moja katikati, juu ya kokoto au mchanga mkavu. Chimba nyuma sentimita 3 zaidi ya mbele. Kiti kinalala kidogo, mtu hatelezi, na maji ya mvua yanakimbilia nyuma. Kile kifaa cha pima maji, cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, kitumie kwa urefu wa benchi tu. Hatua moja kuzunguka benchi usipande nyasi wala maua, ili uone njia ya udongo ya mchwa ikianza kupanda kwenye tofali. Mchwa hawapandi hadharani, wanajenga kijia chao kwanza, na kijia hicho unakivunja kwa kijiti na kumwaga dawa siku hiyo hiyo.

Kile kipande chembamba cha pili kiache na vigogo vyake. Kikilazwa juu ya matofali mawili kinakuwa meza ya kuwekea vikombe, mahali pa chupa ya chai na sahani ya mihogo. Vigogo vitatu ulivyotoa kwenye mgongo vipange upande wake wa pili, usio na vigogo, ili isicheze.

Oktoba mwishoni, kabla mvua hazijashika, pita na spana. Mbao imekauka na kusinyaa tangu Mei, na kila nati itakubali robo ya mzunguko. Angalia vichwa vya mbao, panapopauka paka tena. Na kama benchi liko nje ya duka kama langu, pitisha mnyororo kwenye uwazi wa kigogo cha kati kabla hujafunga mlango, kwa sababu likishakaa vizuri si wewe peke yako utakayelipenda.